Ushindani wa timu na madereva katika Safari Rally

Safari Rally ni mashindano ya magari yanayofanyika nchini Kenya, na ambayo zamani yalipita pia Uganda na Tanzania. Yalianza mwaka 1953, na kwa miaka mingi yalihesabiwa kuwa rali ngumu kuliko zote duniani. Makala hii inahusu hasa ushindani uliyoyapa sifa hiyo: madereva wakazi wa Afrika Mashariki, waliozijua barabara, dhidi ya timu za viwanda vya Ulaya, Marekani na Japani zilizokuja na fedha, mafundi na madereva wenye kasi. Katika mashindano yote ya tangu 1953 hadi 1971 hakuna dereva kutoka ng'ambo aliyeibuka mshindi. Mwaka 1972 mwiko huo ulivunjwa, na baada ya hapo mizani iligeuka polepole. Mkenya wa mwisho kushinda Safari ikiwa katika ngazi ya dunia ni Ian Duncan, mwaka 1994.

Mwanzo

Mashindano ya kwanza yalianza tarehe 27 Mei 1953 kwa jina la Coronation Safari, kwa heshima ya kutawazwa kwa Malkia Elizabeth II wa Uingereza. Wazo lilikuwa la Eric Cecil, mkazi wa Kenya ambaye hakupendezwa na mbio za kuzunguka uwanja uleule mara kwa mara. Njia ilipita Kenya, Uganda na Tanganyika.

Magari yaligawanywa katika makundi kwa bei yake dukani, si kwa ukubwa wa injini. Nia ilikuwa mnunuzi aone ni gari lipi, la bei anayoiweza, lingevumilia barabara za nchi hizi. Kwa hiyo tangu siku ya kwanza Safari ilikuwa pia mtihani wa kibiashara. Volkswagen, Ford, Mercedes-Benz, Peugeot na baadaye Datsun zilijua kwamba gari lililomaliza Safari lilikuwa limejitangaza lenyewe. Sifa ya Peugeot 404 na 504 katika Afrika Mashariki, ambako zilitumika kwa miaka mingi kubeba abiria wa masafa marefu, haiwezi kutenganishwa na ushindi wake katika mashindano haya.

Mwaka 1960 jina lilibadilishwa kuwa East African Safari, na baadaye likawa Safari Rally. Mwaka 1970 Safari iliingizwa katika ubingwa wa kimataifa wa viwanda vya magari. Ubingwa wa dunia wa rali ulipoanzishwa mwaka 1973, Safari ilikuwa moja ya rali 13 za mwaka huo wa kwanza.

Namna ya kushindana

Ili kuelewa kwa nini wakazi walitawala muda mrefu, ni lazima kufahamu kwamba Safari ya zamani haikufanana na rali za Ulaya. Huko, gari lilipimwa kwa sekunde katika vipande vifupi vya barabara iliyofungwa. Katika Safari barabara hazikufungwa. Magari yalipishana na mabasi, malori, baiskeli, ng'ombe na twiga, katika njia iliyofikia takriban kilomita 5,000 kwa siku chache, mchana na usiku.

Kila gari lilipewa muda wa kufika katika kituo cha ukaguzi. Kila dakika ya kuchelewa ilikuwa pointi moja ya adhabu, na mwenye adhabu ndogo kuliko wote ndiye aliyeshinda. Barabara ikiwa kavu, dereva hodari aliweza kufika kwa wakati au karibu nao. Mvua ikinyesha, hesabu yote iliharibika, na kwa miaka mingi Safari ilifanyika wakati wa Pasaka, yaani msimu wa masika. Udongo mweusi wa mbuga ukilowa hunasa gari kama gundi, na mto uliokuwa mchanga mtupu asubuhi huweza kuwa umefurika jioni.

Hapo ndipo ujuzi wa mkazi ulipozidi kasi ya mgeni. Alijua daraja lipi huzama kwanza. Alijua pia mahali ambapo wanakijiji hukusanyika tayari kusukuma gari, na lugha ya kuwaomba. Magari yenyewe yalibadilishwa ili yalingane na mazingira: springi na shokapu zilizoimarishwa, bamba la chuma chini ya injini, vyuma mbele vya kukinga gari likigonga mnyama, na taa za ziada.

Miaka ya wakazi

Mashindano mawili ya kipindi hiki yanatajwa kuliko mengine yote. Mwaka 1963 yalianza magari 84, yakamaliza 7 tu. Mwaka 1968 yalianza magari 93, na kwa mara nyingine yakamaliza 7. Mvua ilikuwa kubwa katika miaka yote miwili, na katika miaka yote miwili washindi walikuwa walewale: Nick Nowicki na Paddy Cliff, wakiendesha Peugeot 404. Kushinda mara moja katika hali kama hiyo kunaweza kuitwa bahati. Mara ya pili ni vigumu kuliita jambo hilo hivyo. Madereva waliomaliza katika miaka hiyo miwili walipewa jina la utani la "saba wasiozama".

Peugeot 404 ilishinda pia mwaka 1966 na 1967 ikiendeshwa na Bert Shankland na Chris Rothwell, wakazi wa Tanzania.

Mfano mzuri wa fedha kushindwa na barabara ni wa mwaka 1964. Kampuni ya Ford kutoka Marekani ilileta kikosi cha magari ya Mercury Comet, makubwa na yenye nguvu, pamoja na maandalizi ya gharama kubwa. Ni mawili tu yaliyofika mwisho, tena mbali nyuma ya viongozi. Ushindi ulikwenda kwa Peter Hughes, dereva wa Kenya, akiendesha Ford Cortina iliyotengenezwa Uingereza. Erik Carlsson wa Sweden, aliyekuwa bingwa mashuhuri wa rali za Ulaya, alikuwa wa pili kwa gari la Saab.

Mwaka uliofuata, 1965, alishinda Joginder Singh pamoja na ndugu yake Jaswant. Joginder alizaliwa Kericho mwaka 1932, na alikuwa fundi wa magari kabla ya kuwa dereva mashuhuri. Gari lake, Volvo PV544, lilikuwa limetumika: timu ya Volvo ilikuwa imelileta kwa mashindano ya 1964 na kuliacha. Ushindi wake ulikuwa na uzito zaidi ya michezo. Kenya ilikuwa na uhuru wa chini ya miaka miwili, na hadi wakati huo orodha ya washindi ilikuwa ya wazungu karibu wote. Joginder, Singasinga wa Kericho, akawa shujaa wa watu wa rangi zote, na magazeti ya nje yalimwita "Singasinga Arukaye".

Mwaka 1970 na 1971 alishinda Edgar Herrmann, Mjerumani mkazi wa Kenya, akiendesha Datsun, kwanza 1600 SSS, kisha 240Z. Huo ulikuwa mwanzo wa enzi ya magari ya Japani.

Mwaka 1972: mwiko wavunjwa

Kufikia mwaka 1972 imani kwamba mgeni hawezi kushinda Safari ilikuwa imekuwa kama sheria. Timu za viwanda zilikuwa zimeijibu imani hiyo kwa njia mbili. Datsun na Peugeot ziliajiri wakazi. Ford ya Uingereza ilichagua njia ya pili, nayo ni kuleta madereva wa Ulaya na kuwapa muda mrefu wa kuipita njia na kuiandika kabla ya mashindano.

Mwaka huo mashindano yalianzia Dar es Salaam. Hannu Mikkola wa Finland na mwelekezi wake Gunnar Palm wa Sweden, wakiwa katika Ford Escort RS1600, walishinda. Sobiesław Zasada wa Poland alikuwa wa pili kwa Porsche 911. Wageni walikuwa wamechukua nafasi mbili za kwanza kwa mpigo. Vic Preston mdogo, mtoto wa Vic Preston aliyeshinda mwaka 1954 na 1955, alikuwa wa tatu kwa Escort nyingine.

Si kwamba barabara zilikuwa zimekuwa rahisi. Kilichobadilika ni kwamba timu za nje zilikubali kujifunza. Mwelekezi aliyeandika kila kona, kila shimo na kila kivuko aliweza kumpa mgeni angalau nusu ya kile ambacho mkazi alikijua kwa uzoefu wa maisha.

Sare ya mwaka 1973

Mashindano ya 1973 yanaweza kuhesabiwa kuwa ya kusisimua kuliko yote ya zamani, ingawa waliopigana mwishoni walikuwa wa timu moja. Baada ya maelfu ya kilomita, Shekhar Mehta katika Datsun 240Z na Harry Källström wa Sweden katika Datsun nyingine walikuwa na pointi za adhabu sawasawa. Kanuni ilisema kwamba pointi zikilingana, hushinda aliyekwenda mbali zaidi tangu mwanzo bila kuadhibiwa. Aliyetimiza hilo alikuwa Mehta.

Mehta alizaliwa Kampala mwaka 1945 katika familia ya wafanyabiashara. Agosti 1972 serikali ya Idi Amin iliamuru Waasia waondoke Uganda ndani ya siku 90, na familia yake ilikuwa miongoni mwa waliopoteza makao. Yeye alihamia Kenya. Miezi michache baadaye alishinda Safari pamoja na mwelekezi Lofty Drews. Kuanzia katikati ya miaka ya 1970 mashindano yenyewe nayo yalibaki ndani ya Kenya pekee, kwa kuwa siasa za nchi tatu hazikuruhusu tena kuvuka mipaka kwa urahisi kama zamani.

Joginder, Lancer na mkosi wa Porsche

Mwaka 1974 Björn Waldegård wa Sweden aliongoza kwa Porsche 911 hadi gari lilipoharibika na kumpotezea muda mwingi. Joginder Singh, akiwa na mwelekezi David Doig katika Mitsubishi Lancer ndogo, alimpita na kushinda. Mitsubishi haikuwa jina kubwa katika rali wakati huo. Mwaka 1976 Joginder alishinda kwa mara ya tatu, tena kwa Lancer, na safari hii magari ya Lancer yalichukua nafasi zote tatu za kwanza, Robin Ulyate akiwa wa pili na Andrew Cowan wa Scotland wa tatu. Joginder alikuwa dereva wa kwanza kushinda Safari mara tatu.

Porsche ilijaribu tena mwaka 1978. Vic Preston mdogo alifika wa pili, nyuma ya Jean-Pierre Nicolas wa Ufaransa katika Peugeot 504 yenye injini ya V6. Hivyo Porsche ilikuwa ya pili mwaka 1972, 1974 na 1978, na haikushinda hata mara moja katika mashindano ya kawaida. Lancia nayo ilipata mkosi wa aina hiyo kwa gari lake la Stratos, ambalo lilishinda karibu kila mahali pengine. Sandro Munari alilifikisha la pili mwaka 1975, nyuma ya Ove Andersson wa Peugeot, na la tatu mwaka 1977, Waldegård aliposhinda kwa Ford Escort.

Datsun dhidi ya Mercedes

Kuanzia 1979 hadi 1982 Shekhar Mehta, akiwa na mwelekezi Mike Doughty, alishinda mara nne mfululizo. Pamoja na ule wa 1973, ushindi wake ni mara tano, na katika Safari ya ngazi ya dunia hakuna dereva mwingine aliyeufikia.

Mpinzani mkubwa wa mwanzo alikuwa Mercedes-Benz. Kampuni hiyo ilileta magari makubwa ya 450 SLC yenye injini ya V8, ikiamini kwamba uimara na nguvu vingetosha. Mwaka 1979 Mikkola alikuwa wa pili kwa Mercedes. Mwaka 1980 Datsun zilichukua nafasi ya kwanza na ya pili, Mercedes ya Preston mdogo ikawa ya tatu. Datsun ya Mehta lilikuwa gari dogo la familia lililoimarishwa, rahisi kutengenezwa porini kwa vipuri vya kawaida.

Mwaka 1981 mshindani wake mkuu alikuwa mwenzake wa Datsun, Rauno Aaltonen wa Finland, aliyemaliza wa pili mara nyingi katika Safari bila kushinda kamwe. Mwaka 1982 Mehta alimshinda Walter Röhrl wa Opel, ambaye ndiye aliyekuwa bingwa wa dunia mwishoni mwa mwaka huo. Opel ilipata ushindi mwaka uliofuata kupitia Ari Vatanen. Baada ya kustaafu, Mehta aliongoza kazi za rali katika shirikisho la kimataifa la FIA. Alifariki mwaka 2006.

Toyota, Audi na Lancia

Katika miaka ya 1980 magari yenye nguvu ya magurudumu yote manne yalibadilisha rali duniani kote, yakiongozwa na Audi Quattro. Katika Safari yalichelewa kufaulu. Timu ya Toyota ya Ulaya iliongozwa na Ove Andersson, yuleyule mshindi wa 1975. Alijua kwamba hapa gari linalomaliza ndilo linaloshinda. Toyota Celica yake ilikuwa na turbo lakini iliendeshwa kwa magurudumu ya nyuma tu, na kwa maumbile ilikuwa nyuma ya wakati. Hata hivyo ilishinda mwaka 1984 kwa Waldegård, 1985 kwa Juha Kankkunen aliyekuwa anashiriki Safari kwa mara ya kwanza, na 1986 kwa Waldegård tena. Peugeot 205 Turbo 16, iliyotwaa ubingwa wa dunia mwaka 1985 na 1986, haikushinda Safari hata mara moja.

Audi ilipata ushindi mwaka 1987, nao haukuja kwa Quattro fupi iliyosifika bali kwa Audi 200, gari kubwa la milango minne. Aliyeendesha alikuwa Mikkola, miaka 15 baada ya ushindi wake wa kwanza.

Kisha ukaja ushindani mkali wa Lancia na Toyota. Lancia, iliyokuwa imekosa ushindi tangu siku za Stratos, ilipata mwaka 1988 na 1989 kwa Miki Biasion wa Italia. Toyota ilijibu mwaka 1990 kwa Waldegård aliyekuwa na umri wa miaka 46. Rekodi yake ya kuwa mshindi mwenye umri mkubwa kuliko wote katika ubingwa wa dunia ilidumu hadi mwaka 2022. Mwaka 1991 Kankkunen alishinda akiwa na Lancia, mwaka 1992 Carlos Sainz wa Hispania akiwa na Toyota, na mwaka 1993 Kankkunen tena, sasa amerudi Toyota. Mwaka huo Toyota zilichukua nafasi zote nne za kwanza.

Gharama zilikuwa zimepanda mno. Timu kubwa zilitumia helikopta zilizoruka juu ya gari la mashindano, mtu akitazama mbele na kuonya kwa redio kuhusu magari na wanyama barabarani. Kwa maneno mengine, ujuzi ambao zamani ulikuwa mali ya mkazi sasa uliweza kukodiwa kwa saa.

Ian Duncan na miaka ya mwisho

Katika hali hiyo ushindi wa Ian Duncan mwaka 1994 ulikuwa wa pekee. Duncan, Mkenya aliyekuwa wa tatu mwaka uliotangulia, aliendesha Toyota Celica na kuwashinda wageni. Mwaka huohuo Patrick Njiru alimaliza wa nne kwa Subaru, matokeo makubwa kwa dereva Mwafrika mweusi katika mchezo ambao gharama zake ziliwafungia wengi nje.

Baada ya hapo Safari ikawa uwanja wa Mitsubishi, Subaru na Ford. Tommi Mäkinen alishinda mwaka 1996 na 2001 kwa Mitsubishi. Waingereza wawili, Colin McRae na Richard Burns, walipokezana. McRae alishinda mwaka 1997 kwa Subaru, Burns mwaka 1998 kwa Mitsubishi, McRae mwaka 1999 kwa Ford Focus (ushindi wa kwanza kabisa wa gari hilo katika ubingwa wa dunia), Burns mwaka 2000 kwa Subaru, na McRae mwaka 2002 kwa Ford. Huo wa 2002 ulikuwa wa mwisho kabla ya Safari kuondolewa katika ratiba ya dunia kwa sababu ya matatizo ya fedha na maandalizi. Iliendelea kama sehemu ya ubingwa wa Afrika.

Kurudi mwaka 2021

Safari ilipangwa kurudi mwaka 2020, ikaahirishwa kwa ajili ya janga la Uviko-19, na ikarudi Juni 2021, makao yake yakiwa Naivasha. Haikuwa tena ya kilomita 5,000. Vipande vya mashindano ni vifupi, barabara zimefungwa, na nyingi zimo ndani ya mashamba na hifadhi za Bonde la Ufa. Hata hivyo mawe na vumbi laini la volkano vimeendelea kuvunja magari. Mwaka 2021 Thierry Neuville wa Hyundai aliingia siku ya mwisho akiongoza kwa karibu dakika moja, kisha shokapu ya nyuma ikaharibika. Sébastien Ogier wa Toyota akashinda.

Mwaka 2022 na 2023 Toyota zilichukua tena nafasi nne za kwanza, jambo ambalo halikuwa limetokea katika Safari ya ngazi ya dunia tangu 1993. Kuanzia 2021 hadi 2025 washindi wote walikuwa wa Toyota: Ogier na Kalle Rovanperä mara mbili kila mmoja, na Elfyn Evans mara moja. Madereva wa Kenya hushiriki kila mwaka, lakini kwa magari ya madaraja ya chini.

Mashindano ya magari ya zamani

Tangu mwaka 2003 yapo mashindano mengine, East African Safari Classic, kwa magari ya miaka ya zamani, yenye njia ndefu inayofanana na ile ya asili na ambayo mara kadhaa imevuka tena mpaka wa Tanzania. Ian Duncan ameshinda humo mwaka 2009 na 2013. Mwaka 2011 mshindi alikuwa Björn Waldegård, mwelekezi akiwa mwanawe Mathias. Gari lao lilikuwa Porsche 911, aina ileile iliyomwangusha mwaka 1974.